Tuna Gari

Lile turubai nililishona mimi kwa mikono yangu, kwa hivyo habari hii nitaisimulia mimi, asije mtu mwingine akaitia chumvi. Jina langu Nyevu. Nashona viti vya magari karibu na Mwembe Tayari, mwaka wa ishirini na mbili huu, na nakaa Bondeni katika nyumba ya vyumba sita, ua mmoja na kelele za bure. Chumba kinachotazamana na changu ndicho walichokaa Mutunga na mkewe Mwikali.

Watu wa Machakos hao, lakini Mombasa ilishawameza. Mutunga alikuwa karani bandarini, kazi yake kukagua magari yanaposhuka melini kutoka Japani. Kibao mkononi, karatasi juu yake, kalamu imefungwa kwa uzi, anazunguka gari moja baada ya jingine: hili lina mkwaruzo mlangoni, hili redio haimo, hili limetembea kilomita kadha wa kadha. Miaka ishirini na saba. Magari aliyoyaandika mtu huyo hayana idadi, na yeye mwenyewe hakuwahi kuwa na hata baiskeli. Nikimtania, "Shemeji, utaandika mali za watu mpaka lini?" hunijibu, "Ngoja tu. Siku yangu nikichagua, nitachagua kwa macho yaliyosoma."

Mwikali alikuwa shoga yangu. Hapa sitaki kupita haraka. Nimekaa ua mmoja na wanawake wengi na nimegombana nao wote. Huyu peke yake ndiye niliyegombana naye asubuhi na mchana tukala sahani moja. Miaka kumi na minane alichoma mihogo Mama Ngina, pale ufukweni watu wanapokwenda jioni kupunga upepo. Jiko la makaa mbele yake, ndimu, pilipili ya kusaga, na magari yamejipanga ubavu kwa ubavu. Wenyewe wamo ndani, hata kushuka hawataki, wanapiga honi tu: "Mama, mihogo!" Naye mbio hadi dirishani na kisahani chake. Moshi wa makaa mbele, moshi wa magari nyuma. Kifua kilianza kama kikohozi cha kawaida, watu tukamchemshia tangawizi. Mwisho daktari akamwambia mapafu yake yamechoka, aache jiko, na moshi wa aina yoyote auepuke.

Jiko aliacha. Lakini moshi wa mji huu utauepukia wapi? Kliniki alikuwa akienda kwa tuktuk, na kila akirudi amebadilika rangi. Mara mbili tulimshusha njiani tukamkalisha kwenye ngazi za maduka ya watu apate pumzi, wenye maduka wanatutazama kama tumewaletea nuksi.

Mutunga alipostaafu na kiinua mgongo chake kikatoka, uani kila mtu akawa mshauri. Huyu anasema shamba, huyu anasema ajenge vyumba vya kupangisha. Yeye akasema, "Nanunua gari la kumpeleka mama Emmah hospitali. Dogo, lisilokula mafuta, lisilotoa moshi." Emmah ndiye binti yao, ameolewa Nakuru. Kwa hilo sikuwa na neno, na mimi kukosa neno si jambo la kila siku.

Mwikali naye alikuwa na lake. Tulikuwa tumekaa uani tunachambua mchicha, akaniambia kwa sauti ya chini, kama anaomba kitu cha aibu. "Nyevu, mimi gari nalitaka kwa jambo moja. Nataka nipelekwe Mama Ngina jioni moja, nikae kiti cha mbele, nisishuke. Nipige honi. Aje mtu aniletee mihogo dirishani."

Nikacheka mpaka nikaangusha ungo. "Na pilipili utasema haitoshi?"

"Nitasema haitoshi, arudi akaongeze," akasema. Mwenyewe hakuwa anacheka.

Basi Jumamosi tatu tukazunguka yadi za magari. Mimi nilichukuliwa kwa sababu gari nalijua kwa ndani. Nikitazama viti tu nakwambia lilibeba watu wa namna gani. Hapo ndipo nilipoiona akili ya Mutunga. Muuzaji akishawasha gari, Mutunga humwambia mkewe, "Mama Emmah, simama pale nyuma." Nyuma, kwenye ekzosi! Mwikali husimama, leso ameishika mkononi, akavuta pumzi. Akikohoa, Mutunga hutia alama ya mkasi kwenye karatasi yake na kusema, "Linalofuata."

Mimi nikawaka. "Wee shemeji una wazimu? Mkeo umemfanya kipimo?"

"Karatasi hudanganya, shemeji. Mimi nimeziandika, nazijua. Kifua chake hakidanganyi."

Nikataka kuendelea, Mwikali akanikonyeza ninyamaze. Jamani, alikuwa anafurahi yule mwanamke! Wauzaji waliovaa tai wamesimama kimya, magari yao ya fahari yamewashwa, wote wanamngoja yeye akohoe au asikohoe. Sidhani kama kuna siku nyingine watu walimtazama hivyo.

Lilikuwapo jekundu moja dogo, zuri kwa macho, akalikohoa. Lilikuwapo moja la fedha, akalikohoa kabla muuzaji hajamaliza sifa zake. Mimi nililipenda moja kubwa la dizeli, viti vya ngozi halisi, gari la kwenda nalo Machakos watu wakajua mmefika. Mwikali aliposimama nyuma ya hilo alikohoa mpaka akashika ukuta, na Mutunga akanitazama. Nikanyamaza na ngozi zangu.

Jumamosi ya tatu tukafika yadi ya Swafia. Huyu ni mwanamke wa Mji wa Kale, buibui lake safi, miwani imening'inia kifuani, na maneno yake ni ya mpango. "Subalkheri, wazee wangu. Karibuni." Akatuuliza hali, akatuuliza za nyumbani, akatuletea viti na maji, ndipo akauliza tunataka nini. Mutunga akamweleza. Swafia akatupeleka kwenye gari dogo la samawati, pua fupi, akaingia, akabonyeza kitufe. Kimya.

"Liwashe basi, mama," Mutunga akasema.

"Limewaka, baba."

Tukatazamana. Swafia akatueleza kwamba hilo ni haibridi, latumia petroli na umeme. Mjini likienda polepole ni umeme tu, petroli halinusi. Mwikali akaenda nyuma mwenyewe bila kuambiwa. Akainama, uso karibu kabisa na bomba, akavuta pumzi. Baada ya muda injini ikanguruma kidogo, kisha ikanyamaza tena, naye bado kainama palepale. Tulingoja. Akainuka na kutugeukia, macho yamemjaa machozi.

"Hakuna kitu," akasema. "Hakuna kitu kabisa."

Mutunga akatoa kalamu, akalizunguka lile gari kama alivyozunguka magari ya watu maisha yake yote. Rangi yake ya kwanza. Miaka saba tangu liundwe. Akatazama kilomita: elfu ishirini na tatu tu. Nilimwona uso unavyong'aa. Bandarini kwao gari lililotembea kidogo ndilo gari. Ndivyo alivyofundishwa akiwa kijana, na ndivyo alivyowafundisha waliomfuata.

"Baba, nisikilize," Swafia akamwambia. "Hili lilikuwa la ajuza mmoja huko kwao Japani, akienda nalo sokoni basi. Magari haya hayaumizwi na kutembea. Yanaumizwa na kukaa. Lina betri mbili, kubwa na ndogo, na zote zajaa likiwa njiani. Lizungushe kila siku, hata nusu saa. Ukilifungia utaliua."

Nilikuwepo. Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu mawili. Mutunga alitikisa kichwa vile mtu anavyotikisa kwa adabu akiwa haafiki, na jioni uani akaniambia, "Mfanyabiashara lazima aseme hivyo. Lizungushe, lichakae, urudi ununue jingine." Nami sitajificha hapa, haki ya Mungu. Nilimjibu, "Hao ni wale wale, shemeji. Ndiyo kazi yao."

Wiki hiyohiyo nikashona turubai. Ilikuwa zawadi yangu kwa Mwikali. Turubai nene la lori, la kijivu, ndani nimetia bitana laini lisikwaruze rangi, na chini kamba nane za kulifungia, kwa sababu kichochoro chetu kina paka na watoto na kila balaa. Kila kamba nilipitisha sindano mara tatu. Gari lilikaa ubavuni mwa ukuta wangu, na nikipita nalitazama, nikizionea fahari zile kamba.

Mwezi wa kwanza alilitembeza. Kanisani Jumapili, sokoni Marikiti, kliniki. Mwikali anakaa mbele, kioo kimefungwa, anashuka hospitali anatembea kwa miguu yake kama mtu mwenye haki zake. Kisha Mutunga akakutana na mtu kwenye kituo cha petroli akamwambia bei ya ile betri kubwa ikifa. Alirudi nyumbani hakula. Tangu siku hiyo akaanza kulionea gari huruma. Kanisani wakawa wanakwenda kwa miguu, maana uwanja wa kanisa una vumbi. Sokoni kwa miguu. "Hili ni la hospitali," akasema. "Akiba haiozi, shemeji."

Na Mwikali kila baada ya siku chache: "Baba Emmah, leo jioni?"

"Chovya chovya humaliza buyu la asali, mama Emmah. Leo Mama Ngina, kesho Mama Ngina, siku ya haja betri imekwisha. Tutakwenda. Emmah akija Desemba tutakwenda sote."

Emmah akaja Desemba. Mutunga akasema msimu wa sikukuu Mama Ngina magari yanabanana, watalikwaruza. Emmah akarudi Nakuru. Mwikali alikaa kwenye mbuzi yake akakuna nazi mbili tulipohitaji moja. Mimi nikamfuata Mutunga mpaka mlangoni.

"Kutoka hapa mpaka Mama Ngina ni dakika kumi! Dakika kumi, shemeji! Unamnyima mkeo dakika kumi?"

"Namwekea," akasema. "Simnyimi. Namwekea. Wewe hujui magari."

"Mimi sijui magari! Mimi ninayekula kwa magari!"

Tukanuniana siku tatu. Leo nikikumbuka ugomvi ule naumia zaidi ya yote, kwa sababu hapo ndipo ningemkumbusha maneno ya Swafia. Wala hayakunijia. Nilikuwa nagombania mihogo, betri haikuwa akilini mwangu kabisa.

Na jambo la kusikitisha ni kwamba alikuwa anapata nafuu. Bila moshi wa tuktuk, kifua kilitulia. Alikuwa akienda kliniki kila baada ya wiki mbili. Januari daktari akampima, akaridhika, akamwambia aendelee hivyo hivyo, arudi baada ya miezi miwili. Siku ile Mwikali alirudi akacheza uani na ufagio. Tulipika pilau. Mutunga akalifunika gari, akafunga kamba zote nane, na kwa kuwa hakukuwa na kliniki hakulifunua tena. Wiki ya kwanza, ya tatu, ya sita. Kila asubuhi alitoka na kitambaa na ndoo ya maji akalipangusa vumbi. Turubai, si gari. Turubai langu ndilo alilokuwa akilipangusa.

Jumanne moja mwezi wa Machi, mchana saa nane, joto la kaskazi limekaa juu ya mji na upepo hakuna, mtu wa nyumba ya nyuma akachoma taka. Plastiki, mipira, sijui nini. Moshi ukaingia uani kwetu ukatulia humo. Mimi nilikuwa nimerudi kula. Nikasikia sahani imeanguka chumbani kwa Mwikali, nikaruka. Nilimkuta ameshika nguzo ya kitanda, mabega yanapanda na kushuka, na hewa haiingii. Ile pampu yake ya kuvuta dawa akaibonyeza mara tatu, haikutoa kitu. Nikapiga ukelele. Mutunga alikuwa barazani, akaja mbio, akamtazama mara moja tu.

"Gari," akasema, akatoka.

Nikamkokota Mwikali mpaka nje. Sasa sikilizeni. Kijana Benard, mwenye tuktuk, alikuwa anapita kichochoroni wakati uleule. Mungu alimleta, sina maneno mengine. Akatuona, akafunga breki mwenyewe bila kuitwa. "Mleteni, mama! Mleteni!" Tuktuk yake inatoa moshi wake kama kawaida. Mutunga alikuwa amepiga magoti anahangaika na kamba ya turubai. Akampungia mkono.

"Nenda, Benard. Tuna gari."

Na mimi nikasema. Mtu asije akamlaumu Mutunga peke yake. Nilisema kwa sauti kubwa, na kwa maringo kidogo, kwamba shoga yangu hapandi moshi: "Nenda, mwanangu, tuna gari." Benard akatia gia akaenda zake.

Kamba zilikuwa zimekazwa wiki sita, vifundo vimelowa na kukauka kila asubuhi mpaka vikawa vigumu. Havikufunguka. Mutunga alivuta kwa vidole, kwa meno. Nikamkalisha Mwikali kizingitini, nikakimbilia mkasi wangu, nikazikata zote nane, na kwa jinsi nilivyozishona kila moja ilinipigania. Turubai likaanguka. Mutunga akabonyeza kile kidude cha funguo, mlango haukujibu. Akakumbuka kuna kijifunguo cha chuma ndani yake, akakichomoa, akafungua. Tukamkalisha Mwikali kiti cha mbele. Mutunga akabonyeza kitufe. Taa zikawaka hafifu, kikasikika kitu kinagonga ndani, tiki tiki tiki, zikafifia. Akabonyeza tena. Akabonyeza tena na tena.

"Halijawaka?" nikauliza. "Au ndivyo linavyowaka?"

Akakipiga kile kitufe kwa kiganja.

Sisi watu wa Bondeni gari likigoma twalisukuma. Elimu nyingine hatuna. Nikapiga kelele, watu wakamiminika: wapagazi, wauza mitumba, wazee waliotoka msikitini, fundi viatu kaacha kiatu cha mtu. Wakaweka mikono. "Haya! Pamoja! Sukuma!" Gari likatoka kichochoroni, likashika barabara, watu wanakimbia nalo, Mutunga kwenye usukani anabonyeza. Wapi! Tukaligeuza, tukalisukuma kurudi. Mwingine anapiga kelele, "Tia gia ya pili, mzee!" na gari lenyewe halina gia hizo. Mara ya tatu watu walikuwa wameongezeka, kama ishirini hivi, kila mtu anatoa jasho, kila mtu anataka liwake. Sijapata kuona watu wema kama wale, na laiti wangekuwa wabaya, wangetuacha tukatafuta njia nyingine.

Mimi nilikuwa nyuma katikati, nimeinama, mabega kwenye mlango wa buti. Nilipoinua kichwa niliuona uso wa Mwikali kwenye kioo kidogo cha ndani. Alikuwa ananitazama. Midomo imekuwa ya kijivu. Nikatambua nimesimama palepale aliposimama yeye siku ile yadini, karibu na bomba, na hakukuwa na kitu. Hakuna kitu kabisa.

"Acheni!" nikasema. "Acheni! Mwiteni Benard!"

Mutunga husema zilipita dakika kumi. Mimi nasema zaidi ya ishirini. Benard alipigiwa simu, alikuwa ameshachukua abiria, akamshusha njiani akarudi. Tukampakia Mwikali kwenye tuktuk, mimi nimemkumbatia, nimemfunika pua kwa leso niliyoilowanisha moshi usipite, kana kwamba moshi husikia leso. Njia nzima alinishika kidole kimoja. Karibu na hospitali akakiacha. Mapokezi akaja daktari kijana, akamshika mkono, akamwekea kidole shingoni, kisha akanitazama mimi badala ya kumtazama Mutunga.

"Mmechelewa, mama," akasema.

Alizikwa kwao Machakos. Tulikwenda kwa basi la kanisa. Gari lilibaki Bondeni ubavuni mwa ukuta wangu, halina turubai, paka wamelala juu yake.

Tuliporudi, baada ya siku kama kumi, Mutunga akamwita Nicanor, fundi wa umeme wa magari, mtu mpole asiyesema sana. Nilitoka nikasimama mlangoni, nataka nisikie ubovu gani huo. Nicanor akafungua nyuma chini ya kiti, akaonyesha betri ndogo, hata mtoto angeibeba. Akaunganisha nyaya mbili kutoka gari lake. Akamwambia Mutunga abonyeze. Taa zote zikawaka, na gari likawa hai, kimya, vilevile kama siku ile kwa Swafia. Haikuchukua dakika mbili.

"Halina ubovu, mzee," Nicanor akasema. "Ile kubwa nzima kabisa. Ni hiki kidogo kilikuwa kimekwisha chaji. Hiki ndicho huliamsha gari."

"Tulilisukuma," Mutunga akasema.

"Haibridi haiwaki kwa kusukumwa. Mngelisukuma mpaka Malindi. Lilitaka nyaya tu. Gari lolote linalopita lingewafaa, hata betri ya tuktuk ingetosha."

Nikashika mlango. Mutunga aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Kwa nini lilikwisha chaji?"

"Lilikuwa halitembezwi," Nicanor akasema, akaanza kukunja nyaya zake. Mutunga akakaa chini kwenye lami, na suruali yake ya matanga. Fundi wa watu akadhani ameumwa, akataka kumwinua. Nikamwambia amwache.

Hivi sasa kila jioni, baada ya alasiri, Mutunga hutoka na gari. Hakosi hata siku moja, mvua au jua. Watu uani husema heri yake, anajiliwaza. Mimi nilitaka kujua anakwenda wapi, na jioni moja nikamwambia, "Shemeji, leo nakwenda nawe." Hakukataa. Nilipofika kiti cha mbele akanyoosha mkono akanifungulia mlango wa nyuma, nami nikakaa nyuma.

Tukapita Makadara, tukateremka mpaka Mama Ngina. Watu wamejaa, magari yamejipanga ubavu kwa ubavu, honi zinalia, wanawake wanakimbia na visahani. Harufu ya mihogo na ndimu ikapenya ndani hata na vioo vimefungwa. Mmoja wao alimwona Mutunga akipunguza mwendo kwa ajili ya watu wanaovuka, akaja mbio upande wa kiti cha mbele, akainama dirishani. "Mihogo, mzee! Ya moto!" Kisha akaona kiti ni kitupu, akajiinua.

"Simama," nikamwambia. Nilikuwa nalia, sikujali. "Simama, Mutunga! Angalau mara moja, mtu aje dirishani!"

Hakusimama. Watu walipomaliza kuvuka akaendelea mbele, macho barabarani.

"Alinisihi mwaka mzima nisimame," akasema. "Leo nisimame wamletee nani?"

Nikajifuta macho kwa leso. Tukazunguka, tukarudi Bondeni. Akaliegesha palepale ukutani kwangu, akatazama saa yake ya mkono. Nusu saa ilikuwa imetimia.